Chupa Inasamehewa, Gemu Linachekwa

Video yenyewe haifiki hata sekunde ishirini. Msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kubwa tu, kakaa juu ya boksi la spika nyuma ya jukwaa. Kule mbele mashabiki wanamwita, MC anawapandisha mzuka, na yeye kainamia simu anapanga matofali ya Tetris. Anayerekodi anacheka kichinichini: “Mwoneni baba mzima.” Video ikaishia hapo. Maneno ndiyo yakaanzia hapo.

Ukipita kwenye komenti siku ile ungedhani mtu kaiba. Mtoto mkubwa. Anawadharau waliolipa kiingilio. Ndiyo maana ndoa imemshinda. Mama mmoja, kwa upole kabisa, akamwandikia: “Mwanangu, badala ya kumwomba Mungu kabla ya kazi, unacheza gemu?” Kama moto wa kifuu, ikawaka siku tatu.

Siku ya nne jamaa akaingia laivu, bila miwani, bila mapambio. Akasema kabla ya kupanda jukwaani mikono humfa ganzi, moyo humwenda mbio, na huona kama hewa ya chumba kizima haimtoshi. Kwa miaka mingi hali hiyo alikuwa anaizima kwa pombe kali. Alianza na toti mbili, zikawa nne, mwisho ikawa nusu chupa kabla hata hajashika maiki. Siku hiyo ya laivu alikuwa na miezi saba hajagusa. Mahali pa chupa ameweka dakika kumi za gemu.

Hapo ndipo pa kutulia na kufikiri. Kwa miaka yote ile, picha zake akiwa na chupa mkononi zilikuwa zinapostiwa na kupigiwa makofi. Akipanda jukwaani macho mekundu, watu walisema kaka yuko kwenye mood zake. Akiyumba, walisema huo ndio usanii. Hakuna aliyemwita mtoto mkubwa. Alipoiacha chupa na kushika simu, ndipo akageuka kichekesho.

Yaani mjini hapa mtu akizima hofu yake kwa kitu kinachomuua ini, ni mwanaume. Akiituliza kwa matofali ya kwenye kioo cha simu, kapungukiwa. Hilo ndilo linalohitaji kusemwa wazi, kwa sababu halimhusu staa mmoja. Linamhusu kondakta, mwalimu, mama wa saluni na kijana anayesubiri majibu ya usaili.

Wasiwasi siyo woga

Kiswahili cha mtaani kimelionea sana neno wasiwasi. Mtu akiwa na wasiwasi, moja kwa moja inasemekana kuna jambo kafanya. Polisi wakimwona kijana anatazama huku na huku, wanasema ana wasiwasi. Mke akimwona mume hatulii, anasema huyu ana wasiwasi, kuna kitu anaficha. Mwenye wasiwasi amekuwa ndugu wa mwenye hatia.

Kumbe wasiwasi ni king’ora cha mwili. Ubongo ukihisi hatari, hutoa amri: moyo upige haraka, pumzi ziwe fupi, misuli ikaze, tumbo liache kazi zake. Ukikutana na nyoka shambani, king’ora hicho kinakuokoa. Shida inakuja pale kinapolia na nyoka hayupo. Kinalia kwenye daladala, kinalia kitandani saa nane usiku, kinalia dakika tano kabla ya kuimba nyimbo ambazo mwimbaji kaziimba mara mia. Kikilia hivyo kila siku mpaka mtu anashindwa kazi, anashindwa kulala, anakwepa watu, hapo tena siyo tabia. Ni ugonjwa, na una jina hospitalini.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa wanaishi na magonjwa ya wasiwasi. Likaja kusema pia kwamba katika mwaka wa kwanza wa korona, wasiwasi na sonona viliongezeka kwa takriban asilimia 25. Kwa hiyo yule msanii hakuwa na ugonjwa wa mastaa. Alikuwa na ugonjwa wa watu, ila yeye ukamkutia mbele ya kamera.

Tatizo ni kwamba kwa wengi mlango wa msaada uko mbali. Wataalamu wa afya ya akili ni wachache kulinganisha na wenye shida, na wengi wako mijini. Halafu kuna aibu. Mirembe ni hospitali, ipo Dodoma, inatibu watu, lakini mtaani jina lake limegeuzwa tusi. Mathari ya Nairobi nayo yamelikuta hayo hayo. Mtu akisema anataka kuonana na daktari wa akili, nyumbani kunaitwa kikao. Akisema anakwenda baa, hakuna anayegeuka.

Matofali yanafanya nini kichwani

Watu wanaosema gemu ni kupoteza muda tu, wangeshangaa ni maprofesa wangapi wamepoteza muda wao kuyachunguza. Tetris ilitengenezwa mwaka 1984 mjini Moscow na Alexey Pajitnov, enzi hizo ikiwa Umoja wa Kisovyeti. Gemu lenyewe ni rahisi: vipande vinashuka, unavigeuza, unavipanga, mstari ukijaa unafutika. Lakini urahisi huo una kazi yake. Ili upange vizuri, lazima jicho la akilini liwe bize kuzungusha maumbo. Na jicho hilo hilo la akilini ndilo linalochora zile picha za kutisha: nitasahau mistari, nitazomewa, nitaanguka. Nafasi ni moja, na wageni wawili hawatoshi kwenye kiti kimoja.

Jambo hili limepimwa. Nchini Uingereza, mwanasaikolojia Emily Holmes na wenzake walianza kwa kuwaonyesha watu filamu zenye matukio ya kuumiza, kisha wengine wakapewa Tetris. Utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba waliocheza walisumbuliwa na picha za ghafla za filamu ile mara chache zaidi katika wiki iliyofuata. Baadaye wakatoka maabara wakaenda hospitali. Walichukua watu 71 waliofikishwa kitengo cha dharura mjini Oxford baada ya ajali za barabarani. Ndani ya saa sita za ajali, kundi moja lilikumbushwa kwa kifupi kilichotokea, kisha likacheza Tetris kama dakika ishirini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: kwa wiki ya kwanza, kundi hilo lilipata kumbukumbu za ghafla chache kwa asilimia 62 kuliko wenzao.

Hiyo ni habari ya ajali, siyo ya jukwaa. Ya jukwaa nayo ipo, na inachekesha kidogo. Mwaka 2018 mwanasaikolojia Kate Sweeny wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu kusubiri. Wanafunzi waliambiwa kwamba wenzao watawapima kwa mvuto wa sura, halafu wakae wasubiri majibu. Hebu jiweke pale. Wakati wanasubiri, wakapewa Tetris. Wengine walipewa inayokwenda polepole mno, wengine ya kasi ya kutisha, na kundi la tatu likapewa inayojirekebisha kufuata uwezo wa mchezaji. Hao wa tatu ndio waliosubiri kwa nafuu zaidi.

Maana yake ni nini? Gemu likiwa jepesi sana, akili inarudi kwenye hofu yake. Likiwa gumu sana, linaongeza presha juu ya presha. Linalosaidia ni lile la kati, linalomshika mtu kikamilifu bila kumkaba. Anayejua kupika chapati anaielewa hali hiyo. Mkono unasukuma, jicho liko kwenye kikaango, na yale mawazo ya ada ya shule yanakaa pembeni kwa muda.

Kuna pia magemu yaliyotengenezwa kwa kusudi hilo. Huko New Zealand, Chuo Kikuu cha Auckland kilitengeneza gemu linaloitwa SPARX, ambalo mchezaji anaingia kwenye dunia iliyojaa mawazo mabaya na kuyapiga vita, huku akifundishwa mbinu zile zile ambazo mshauri angemfundisha ofisini. Mwaka 2012 lilijaribiwa kwa vijana 187 wenye sonona ya kiasi, miaka 12 hadi 19, na halikuwa nyuma ya ushauri wa kawaida waliokuwa wanapata wenzao. Nako Marekani, Juni 2020, mamlaka ya dawa iliruhusu kwa mara ya kwanza gemu ambalo daktari anaweza kumwandikia mtoto, kwa wale wa miaka 8 hadi 12 wenye tatizo la kukosa umakini. Cheti cha daktari, na ndani yake gemu. Ukimwambia bibi kijijini atakuuliza kama umelala vizuri.

Wazee wa bao hawakuitwa watoto

Anayedhani haya ni mambo ya Wazungu apite kijiweni jioni. Chini ya mwembe, barazani, pembeni ya kituo cha bodaboda, kuna watu wazima wenye wajukuu wanacheza bao. Kete zinalia, mtu anahesabu kimoyomoyo, mwingine anatoa maneno ya kumchanganya. Mwalimu Nyerere mwenyewe alijulikana kwa kulipenda bao, na hakuna aliyesema nchi inaongozwa na mtoto. Kuna drafti ya vifuniko vya soda. Kuna karata. Kuna mzee aliyefiwa na mke ambaye kila saa kumi anatoka nyumbani kwenda kwenye bao, na majirani wanaelewa bila kuambiwa: anakwenda kupumzisha kichwa.

Watu wa pwani na bara wamejua siku nyingi kwamba mchezo una kazi nyingine zaidi ya kushinda. Kilichobadilika ni chombo tu. Mwaka 1997 Nokia 6110 ilikuja na gemu la nyoka, na simu zilipoenea, hakuna aliyesimama foleni ya benki miaka ile ambaye hakumlisha nyoka yule. Hakuna aliyeona ajabu. Sasa nyoka kawa matofali, matofali yakawa peremende za rangi, ludo ikahamia kwenye simu, na vibanda vya gemu vimejaa vijana wanaopiga mpira kwa vidole kwa malipo ya mechi. Bao halijafa, limebadilisha nguo.

Tofauti moja ipo, na ni kubwa. Bao lina watu. Unacheza huku unatukanwa kwa upendo, unaulizwa mtoto kapona, unaonekana ukikonda. Simu haimwoni mchezaji akikonda. Jambo hili linarudi chini huku, kwa sababu ndilo linalotenganisha dawa na sumu.

Dada aliyejificha kwenye shamba la bandia

Kwa haki ya mjadala, upande wa pili nao usemwe.

Mwigizaji mmoja wa tamthilia, dada anayependwa sana na watu wa saa tatu usiku, naye alikuwa na wasiwasi wake. Wa kwake ulikuwa wa simu. Kila simu ikiita aliona ni habari mbaya: mkataba umevunjwa, picha imevuja, mtu kafariki. Akapata gemu la shamba. Unapanda mahindi, unamwagilia, unavuna, muziki laini unapiga. Mwanzoni lilimsaidia kweli. Akicheza nusu saa jioni, analala.

Kisha nusu saa ikawa saa mbili. Kisha akawa anacheza ili asipokee simu. Meneja anapiga, yeye anavuna. Mama anapiga, yeye anamwagilia. Alikosa siku mbili za kurekodi, wenzake wakakaa juani wanamsubiri, na aliyelipwa kwa siku akarudi nyumbani mikono mitupu. Nafasi yake ikaandikwa upya: mhusika wake akasafiri kwenda nje ya nchi, na watazamaji wakaelewa kwamba harudi.

Gemu lilikuwa lile lile, la amani, halina damu wala bunduki. Kilichogeuka ni kazi aliyolipa. Msanii wa Tetris anacheza ili apande jukwaani. Dada huyu alicheza ili asipande. Wasiwasi una tabia moja ambayo kila mshauri anaijua: ukiukwepa unanenepa. Simu usiyoipokea leo inatisha zaidi kesho. Kwa hiyo swali la kwanza siyo “unacheza gemu gani?” Swali ni “ukimaliza kucheza, unakwenda wapi?”

Hata watafiti wamekwenda na kurudi kwenye jambo hili. Mwaka 2020 watu wa Oxford walipata kwamba waliocheza zaidi gemu la Animal Crossing: New Horizons, lile la kisiwa lililotoka Machi mwaka huo wakati dunia imefungiwa ndani, walijisikia vizuri kidogo zaidi. Mwaka 2022 wakaja na utafiti mkubwa wa wachezaji karibu 39,000, na safari hii wakaona wingi wa saa peke yake karibu haubadilishi kitu, si kwa uzuri wala kwa ubaya. Kilichokuwa na uzito ni sababu ya kucheza: anayecheza kwa kupenda yuko tofauti na anayecheza kwa kujiona analazimika.

Japani nako kulikuwa na jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Nintendo Switch na PlayStation 5 zilikuwa adimu, maduka yakaziuza kwa bahati nasibu. Watafiti wakaona hiyo ni nafasi: walioshinda na walioshindwa walikuwa watu wa aina moja, tofauti ni bahati tu. Wakachunguza majibu ya watu 97,602 wa kati ya mwaka 2020 na 2022, na kuyachapisha mwaka 2024. Kuwa na mashine ya gemu kulisaidia afya ya akili, lakini faida ilianza kupungua mchezo ulipozidi saa tatu kwa siku. Chakula kitamu nacho huvimbisha tumbo.

Shirika la Afya Duniani nalo limeshaweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Haliangalii saa tu. Linaangalia kama mtu ameshindwa kujizuia, kama gemu limepanda juu ya kazi, chakula na watu, na kama anaendelea hata anapoona linamharibia, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mzima. Shirika hilo hilo, Machi 2020, liliungana na makampuni ya magemu kuwahimiza watu wakae nyumbani wacheze. Hakuna kujipinga hapo. Kisu cha kukatia vitunguu ndicho kinachokata kidole.

Kindege siyo gemu

Kuna jambo jingine ambalo likiachwa, makala yote haya yatakuwa yamemdanganya mtu.

Mchekeshaji mmoja wa mitandaoni, kijana anayechekesha nchi nzima, alimwambia rafiki yake kwamba na yeye anatuliza mawazo kwa gemu. Rafiki akafurahi. Akaomba aone. Kumbe ni kamari ya kindege: unaweka pesa, kindege kinapaa, namba inapanda, utoe kabla hakijapotea. Alikuwa ameuza pikipiki ya mdogo wake.

Hilo siyo gemu la kutuliza wasiwasi. Hilo ni duka la kuuza wasiwasi. Tetris haina kitu chako mfukoni, ukishindwa unaanza upya, umepoteza dakika mbili. Kindege kimetengenezwa ili moyo ukimbie, mkono utetemeke, na ukipoteza utake kurudisha. Mwili unapata msisimko, msisimko unafanana na nafuu kwa sababu kwa sekunde kumi unasahau madeni. Sekunde ya kumi na moja deni limeongezeka. Kamari za kwenye simu zimevalishwa rangi, sauti na vikatuni vya gemu makusudi, na vijana wengi hapa na Kenya wameingia wakidhani wanacheza.

Kipimo ni chepesi: likiomba pesa ili uendelee kuwa na amani, siyo amani. Na hata magemu ya bure yana mitego. Mengine yanaleta matangazo ya kamari katikati ya mchezo, mengine yanakuuzia maisha mapya usiku ukiwa umechoka. Mtu aliyeingia kutafuta utulivu anatoka amenunua peremende za hewa.

Sasa mtu afanyeje?

Ushauri wa kwanza ni kwa mwenye wasiwasi mwenyewe. Chagua gemu lenye raundi fupi, linalotumia macho na mikono, lisilo na pesa wala matusi ya watu usiowajua. Cheza kwa kusudi: kabla ya usaili, baada ya habari mbaya, ukisubiri majibu ya hospitali. Weka saa ilie. Ikilia, simama, fanya lile ulilokuwa unaliogopa, hata kama ni kidogo. Usiku mwanga na milio ya simu vinaufukuza usingizi, kwa hiyo kitandani siyo mahali pake. Na ukipata mtu wa kucheza naye, awe mtoto, jirani au mwenza, umepata dawa mbili kwa bei ya moja.

Kuna gemu moja la mwaka 2018, Celeste, linalofaa kutajwa hapa. Msichana anaitwa Madeline anapanda mlima. Akiwa ndani ya gari la kamba, gari linakwama hewani na hofu inamshika. Rafiki yake anamwambia afikirie unyoya, aupandishe na kuushusha kwa pumzi zake. Mchezaji naye anabonyeza taratibu, na bila kujua anajikuta anapumua pamoja na Madeline. Wengi wameuchukua unyoya ule wakautumia kwenye maisha. Lakini waliolitengeneza hawakuishia hapo. Baadaye Madeline anajaribu tena ujanja ule na unashindwa. Sehemu ya nafsi yake anayoikimbia inaukata unyoya wenyewe. Anafika kileleni baada tu ya kukaa na sehemu hiyo na kuzungumza nayo. Hata gemu lenyewe linakiri: pumzi inakuvusha saa ile, mazungumzo ndiyo yanayokuvusha mlima.

Kwa hiyo kama hofu inakuja kila siku, kama inakunyima usingizi kwa wiki kadhaa, kama kifua kinabana, nenda hospitali. Kwanza wapime moyo na presha, maana si kila moyo unaokimbia ni wasiwasi. Kisha omba kuonana na mtu wa afya ya akili. Tiba ya mazungumzo ipo, dawa zipo, na watu wanapona. Na kama mawazo ya kujidhuru yamewahi kupita kichwani, usiingie kwenye raundi nyingine. Mwambie mtu leo.

Ushauri wa pili ni kwa wazazi na wenza. Mtoto akitoka shule akakimbilia gemu, usianze na kupokonya. Kaa naye dakika kumi, mwambie akufundishe. Akiwa anacheza kwa furaha utaona. Akiwa anajificha utaona pia, na hapo utakuwa umeshakaa karibu kiasi cha kuuliza shuleni kuna nini. Ukipokonya simu bila kujua alikuwa anaituliza hofu gani, umeondoa mkongojo na mguu bado umevunjika.

Wa tatu ni kwa mapromota, mameneja na waandaaji wa tamthilia. Chumba cha msanii huwekewa pombe za kila aina kabla hata ya maji, na huo ndio unaitwa ukarimu. Waweke na sehemu tulivu ya kukaa dakika kumi na tano bila kamera. Haina gharama. Anayetetemeka kabla ya kazi hana dharau kwa mashabiki. Anatetemeka kwa sababu anawajali kupita kiasi.

Wa mwisho ni kwa wenye vidole vyepesi. Kabla ya kuandika komenti kuhusu mtu mzima anayecheza gemu, ni vizuri kujiuliza ameacha nini ili ashike hiyo simu. Inawezekana ameacha chupa. Inawezekana ameacha kumpiga mtu nyumbani. Inawezekana ilikuwa ni hiyo simu au kamba. Mwache amalize raundi yake, kisha muulize: “Kaka, unaendeleaje?” Swali hilo halihitaji bando kubwa.

Wewe unasemaje? Mtu mzima kutuliza mawazo kwa gemu ni sawa, au ni utoto? Dondosha maoni yako hapo chini, na ukimtaja mtu, mtaje kwa heshima.